Nguzo ikioza mguu: maneno kwa mafundi wapya wa Lamu

Vijana wangu, wiki hii nilipita mbele ya nyumba moja ya ufuoni nikawakuta wawili wenu mmechuchumaa verandani, ndoo ya saruji kando, mnazungushia zege mguu wa nguzo ya mvule iliyooza. Mlinipa shikamoo yangu, nikaitikia, nikanyamaza. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale na sikutaka kuwavunjia heshima mbele ya mtu anayewalipa. Sasa nayasema, na ni kwa wote, kwa sababu kosa hilo naliona Mkomani, naliona Langoni, naliona Shela, na wenzetu wa Malindi wanalifanya kila mwaka kwenye nguzo za mvinje zinazobeba makuti.

Nguzo haiozeshwi na umri. Huozeshwa na maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea. Kuvu inayokula mbao haiwezi kuanza kazi ikiwa unyevu wa mbao uko chini ya asilimia 20, ndiyo maana kuna milango ya Lamu iliyochongwa kabla ya babu zetu kuzaliwa na bado inafunga, ilhali nguzo ya juzi inakatika mguu. Mkilishika hilo, mengine yote yatawajia mkononi.

1. Tafuteni maji kabla ya kushika patasi. Tazameni juu kwanza: mfereji wa bati uliotoboka, kichwa cha nguzo kilicho bapa kinachotuamisha mvua. Kisha mwageni kopo la maji sakafuni muone yanaelekea wapi, maana veranda nyingi zimetiwa sakafu mpya juu ya ya zamani na sasa zinaelemea ndani. Tazameni vyungu vya maua vilivyoegemezwa nguzo, na punda anayefungwa pale kila siku. Nyumba za ufuoni zina jambo jingine: ardhi yake nyingi ni ya kufukiwa, na mawe ya matumbawe yana chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Mguu wa nguzo uliokaa moja kwa moja juu ya jiwe kama hilo hulowa hata wakati wa kaskazi.

Na muulizeni anayepiga deki. Kuna nyumba Mkomani yenye nguzo nne, tatu nzima na ya nne inaoza kila ikibadilishwa. Kila fundi alisema ni bahari. Mama anayefanya usafi pale hakuwa ameulizwa na mtu. Alipoulizwa alichukua fagio, akasukuma maji ya ndoo moja, na yote yakaenda kusimama kwenye nguzo ile, kwenye kibonde kidogo kisichoonekana sakafu ikiwa kavu. Kibonde kilijazwa chokaa, mwinamo ukarekebishwa, na nguzo iliyowekwa baada ya hapo haijarudi kwa fundi.

2. Pimeni uozo kwa bisibisi iliyochongoka na mpini wa nyundo. Mti mzima hulia wazi na hukataa ncha. Mti uliokufa hulia zito na ncha huzama. Anzeni chini kabisa mpande, pande zote nne, na mkifika mahali ncha inapokataa, pandeni tena upana wa kiganja kabla ya kupiga alama ya kukata.

3. Saruji. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilipokuwa mwanafunzi nilimchanganyia saruji fundi mmoja mkubwa, jina lake silitaji. Tuliitwa kwenye nyumba ya bibi mmoja mtu mzima, veranda ya chini yenye nguzo za mvule za mraba, juu yake boriti kuu, na juu ya boriti sakafu ya mawe na chokaa ya chumba chake cha kulala. Nguzo ya pembeni ilikuwa imeoza mguu, urefu wa shibiri hivi, si zaidi. Maulidi yalikuwa yamekaribia, wageni wa Unguja na Ngazija wako njiani, na Bi alitaka nyumba yake iwe na adabu watu wakifika. Kwa hiyo tuliharakisha. Tulikwangua uozo kwa tindo, tukapigilia misumari ili zege ishike, tukaweka kalibu ya plaiwudi, tukamwaga zege mpaka usawa wa goti. Tukapiga lipu, tukapaka rangi ya mafuta. Ilipendeza. Wageni wa Maulidi waliegemea nguzo ile wakinywa kahawa, na Bi alitusifu kwa kila mtu.

Masika ya kwanza ikapita. Masika ya pili tuliitwa. Mlango wa chumba cha juu ulikuwa haufungi tena, na sakafu ilikuwa na ufa unaoingia kidole. Tulivunja ile zege na kabla haijaisha kuvunjika yalitoka maji meusi yenye harufu ya kinamasi. Maji, vijana, katika siku ambayo haikuwa imenyesha! Nikaweka patasi kwenye mti nikasukuma kwa mkono bila nyundo, ikaingia mpaka mpini. Mbao ilikuwa ya kahawia, imepasuka vipande vya mraba, ukikishika kimoja kinakuwa unga. Na uozo haukuwa shibiri tena. Ulikuwa umepanda mpaka kifuani pangu, kwenye mti ambao tulipouzungushia zege ulikuwa mzima kabisa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nguzo iliyohitaji mguu mfupi tu tuliiua yote kwa mikono yetu.

Bi alihama chumba chake akakaa kwa binti yake kusi nzima, huku sakafu ikishikiliwa na miti ya mikoko iliyojazana verandani. Hakutukaripia. Aliuliza tu lini atarudi kwake, na hatukuwa na jibu. Aliyekuja kuokoa kazi alikuwa mzee fundi wa majahazi kutoka Matondoni. Alipapasa nguzo, akatazama vipande vya zege sakafuni, akasema kwa Kiamu, "Mti hufa tini, si yuu. Nanyi tini mumeiziba." Yaani hufa chini, si juu, na chini ndiko tulikoziba.

Lililotokea ni hili. Zege ikikauka husinyaa. Mti nao huvimba wakati wa mvua na hunywea wakati wa kaskazi. Baina ya viwili hivyo hufunguka mwanya mwembamba kuliko unywele, na mvua inayoteremka juu ya uso wa nguzo huingia mle. Ikishaingia haitoki, kwa sababu saruji haipumui kama chokaa na rangi ya mafuta imefunga juu. Tulichomjengea Bi ni kikombe, na nguzo tukaisimamisha ndani yake. Misumari tuliyopigilia ilikuwa imekwisha kwa kutu. Sasa mkinieleza kwamba saruji yenu ni ya nguvu zaidi, mnaniambia kikombe chenu hakivuji.

4. Dawa ni kukata mguu uliooza na kuunga mpya. Kabla ya kukata, mzigo uhamishwe. Sakafu ya mawe na chokaa yenye unene wa sentimita 30 hukaribia nusu tani kwa kila mita moja ya mraba, na nyinyi mtakuwa chini yake. Wekeni mihimili miwili, mmoja kila upande wa nguzo, juu ya mbao pana ili isizame sakafuni, na jeki chini ya kila mhimili. Jeki isiinue, ipokee mzigo tu. Zungusheni kidogo kidogo, kwa zamu, mpaka mhimili ukaze na ukiugonga ulie, hapo basi. Kijana mwenye nguvu nyingi hupenda kuendelea kwa sababu jeki bado inazunguka, na juu lipu ya karne nzima inapasuka. Mmoja wenu akae ghorofani wakati wote akitazama kuta.

5. Kiungo. Mguu mpya uwe wa mti wa aina ile ile, na uwe kiini. Mti mweupe wa nje usitie hata kidogo, maana ndio unaoliwa kwanza na kuvu na mchwa. Mvule mpya ni adimu na ghali, kwa hiyo zoeeni kuulizia mbao kuukuu za nyumba zilizobomolewa; zimekauka zamani na hazitapinda tena.

Kateni mshazari kama mafundi wa majahazi wanavyounga mkuku, ule uti wa chini wa chombo, wenye urefu usiopungua mara tatu ya unene wa nguzo. Lakini nguzo si mkuku. Nguzo imebeba mzigo wa kusimama, na mshazari mtupu chini ya mzigo huteleza. Kwa hiyo acheni bega la mraba kila mwisho wa kiungo, mti ukae juu ya mti, bega kwa bega, bila mwanga kupita. Tena upande wa kiungo si wa kubahatisha. Ulimi wa nguzo ya zamani ushuke upande wa nje, unakopiga mvua, na ulimi wa mguu mpya uinuke upande wa ndani. Namna hiyo maji yakiteremka hupita juu ya kiungo na kudondoka. Mkigeuza, mdomo wa kiungo unatazama juu, na mvua yote inaingia humo. Nimeona kiungo kilichochongwa vizuri mno, patasi kali, bega safi, mtu amekitia kinyume, na nikasikitikia ufundi ule uliopotea.

Nguzo za mvinje za Malindi hazihitaji yote haya. Ni rahisi kupatikana. Badilisheni nzima, menyeni gamba lote, na msizifukie tena ardhini.

6. Mguu usiguse sakafu. Chongeni jiwe gumu la kiweko, lipande sentimita 15 juu ya sakafu, uso wake uelemee nje pande zote. Katikati tieni pini ya chuma kisichoshika kutu ili nguzo isisogezwe na punda wala na watoto. Baina ya jiwe na mti wekeni bamba la risasi au shaba, na bamba hilo lisizidi ukingo wa nguzo hata kwa upana wa ukucha, maana ukingo uliobaki nje ni sahani ya kupokea maji. Kata ya chini ya mti ndiyo inywayo maji kuliko ubavu wote. Ipakeni mafuta ya kitani ya moto mpaka ikatae kunywa, kabla ya kusimamisha. Kiweko chenyewe kijengewe kwa chokaa na mchanga.

7. Haya mengine kwa haraka. Skrubu na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba, hewa yetu hula nyingine zote. Oili chafu ya injini acheni kuipaka: haizami, inakataa gundi na rangi, na mvua huipeleka baharini. Mafuta ya sifa, yale ya papa, yaachieni majahazi, hakuna mwenye nyumba atakayekaa kwenye baraza yenye harufu ile. Epoksi, gundi ile ya kuchanganya vimiminika viwili, changanyeni kidogo kidogo, kwa joto letu hujipasha moto ndani ya kopo ikaganda kabla hamjageuka, na msiijaze kamwe kwenye mti uliooza au uliolowa. Rangi kuukuu huenda ina sumu ya madini ya risasi, kwa hiyo pigeni msasa wa maji, zibeni pua, na watoto wakae mbali. Kazi ya kukata nguzo iwekeni Januari na Februari, kaskazi ikiwa kavu.

8. Ruhusa. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuna sheria ya makavazi na turathi ya 2006. Nguzo ya veranda inayotazama bahari ni sura ya mji. Pelekeni picha na mchoro wenu kwenye ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Taifa, yaani makumbusho, kabla ya kuanza. Najua mnaona ni usumbufu. Lakini watu wa pale wameona nguzo nyingi kuliko nyinyi, na mara nyingi mtatoka na ushauri wa bure ambao ungewagharimu mti mzima.

9. Malipo. Msichukue pesa zote siku ya kuondoa jeki. Patana na mwenye nyumba sehemu ya mwisho ailipe baada ya masika. Mvua ikikatika rudini na bisibisi na kipimo cha unyevu, pimeni juu ya kiungo, chini ya kiungo, na pale mti unapokaribia jiwe. Ikisoma chini ya 20 kote, pokeeni haki yenu. Ikisoma zaidi, kuna maji hamkuyaona. Mwambieni mwenye nyumba ukweli siku hiyo hiyo, myatafute pamoja, na siku hizo za kutafuta msimdai.