Presha ikipanda, shusha pampu

Wiki hii, kwenye mtambo wetu wa kusafisha maji taka kwa vijidudu visivyotumia oksijeni na kuyachuja kwa utando, nimemkuta kijana mwingine, msomi mzuri tu, anaongeza kasi ya pampu ya kunyonya kwa sababu maji yaliyochujwa yamepungua. TMP, yaani tofauti ya presha kati ya pande mbili za utando, imeshapita kilopaskali 30, naye anakazana. "Mwanangu, unafanya nini?" "Narudisha flaksi, mzee." Yaani kiasi cha maji kinachopita kwenye kila mita ya mraba ya utando kwa saa. Basi nimeona niandike, maana nikisema kwa mdomo mnanicheka chemba.

1. Flaksi ikishuka, ishushe zaidi. Mnatoka darasani na namba za MBR ya hewa, yaani mtambo wa utando ambao vijidudu vyake vinapulizwa hewa, lita 20 hadi 25 kwa mita ya mraba kwa saa, mnazitaka na huku. Tope la bila oksijeni limejaa chembe ndogo na utelezi, na cha kuusugulia utando ni bayogesi ileile tunayoizungusha. Lita 6 hadi 10 zinatosha kabisa. Ukivuka mpaka, tope linajikandika kwenye utando, na kadiri unavyovuta ndivyo linavyoshikana.

Nimelijua hili kwa aibu. Nilikuwa kwenye mtambo wa majaribio wa bweni la wanafunzi, wakubwa wanakuja kuutazama Jumatatu, na TMP inapanda tangu Alhamisi. Badala ya kushusha flaksi nikaamua kusafisha. Nikasukuma hipokloriti, dawa ya klorini, kinyumenyume, utando ukiwa bado umo ndani ya riakta, tangi wanamoishi vijidudu. Kipimo nilichotumia kilikuwa cha kuloweka utando kwenye pipa, nje. Nikakitia kilekile, nikaacha dawa ilale mpaka asubuhi. TMP ikarudi kama ya mtambo mpya, nikajipiga kifua. Jumapili mita ya gesi haisogei. Nikasema mita mbovu. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Jumatatu wageni wamevaa kofia zao ngumu, pH ni 6.1, riakta inanuka uchachu, na mimi nimesimama nawahubiria nishati safi.

Ningeishia hapo ningepata nafuu. Nikataka pH ipande upesi, nikamwaga chokaa. Chokaa ikala kaboni dioksidi, mfuko wa gesi ukanywea, na kalisi ikaganda kwenye utando uleule niliotoka kuusafisha. Utando uliokolewa na asidi ya sitriki, safari hii ndani ya pipa. Vijidudu vinavyotengeneza methani, ambavyo hipokloriti yangu ilikuwa imeviua, havikuwa na dawa. Vile vinavyokula asetati huchukua siku kadhaa kuongezeka mara mbili, hata vikibembelezwa. Tukapunguza maji yanayoingia, tukaleta tope kutoka bwawa la kwanza la maji taka, tukatia baikaboneti kidogo kidogo, tukasubiri. Mpishi wa bweni akawa anapita kila asubuhi kuulizia gesi ya maharage yake. Nikaanza kuingilia mlango wa nyuma.

Na kabla sijasahau: hipokloriti na asidi zisikutane, suuzeni katikati. Gesi ya klorini haina utani.

2. Chekeche la milimita 2 la maji yanayoingia lisafishwe kila zamu. Nywele za kusukia haziozi.

3. COD, yaani oksijeni inayohitajika kuteketeza uchafu, ya maji yaliyochujwa ikiwa juu, usikimbilie kusema utando umetoboka. Pima salfaidi kwanza, kwa sababu kila gramu ya salfa iliyomo humo inajihesabu kama gramu 2 za COD. Tena maji ya visima vya pwani yana chumvi, na kloridi inadanganya kipimo cha daikromati tunachopimia COD kama hukuweka zebaki ya kutosha. Yuko kijana, simtaji, alifungua moduli zote, yaani vifurushi vya utando, kutafuta tundu. Hakulipata. Wakati wa kurudisha akavunja kiungo, tundu likapatikana.

4. Mnaniuliza gesi imeenda wapi. Imetoka na maji! Kwa joto la Dar es Salaam, kila lita ya maji yaliyochujwa inaweza kubeba kama miligramu 15 za methani iliyoyeyuka, na kila miligramu moja ni miligramu 4 za COD. Kwa maji mepesi kama ya bwenini hiyo si hasara ndogo, ndiyo maana hesabu zenu hazifungi. Wenzetu wa nchi za baridi wana hali mbaya zaidi, kwa kuwa maji baridi huyeyusha zaidi. Kwa hiyo tenki la kupokelea liwe na bomba la kutolea gesi. Methani ikifika asilimia 5 hewani inalipuka, na aliyewasha kiberiti kuchungulia kina cha maji anajijua. Nyusi zimeshaota.

5. Salfaidi ya hidrojeni ikizidi, pua inakufa ganzi. Vaa kipima gesi.

6. Naitrojeni na fosforasi hazichujwi huku, msizitafute. Mpelekeeni bwana shamba wa migomba.

7. Zamu ya usiku: TMP iandikwe na flaksi yake pembeni, maana peke yake hainiambii kitu. Nikikuta tena safu tupu nitampigia simu mwenyewe, hata kama ni saa tisa za usiku.