Mtu wa usawa wa bahari na siku tano za Marangu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara, nina miaka 43. Walimu sita tumepanga kupanda Kilimanjaro, tufike kilele cha Uhuru tarehe 9 Desemba. Nakimbia kila asubuhi ufukweni Shangani, sina presha wala kisukari. Wakala ametupa bei ya siku tano kwa njia ya Marangu, ndiyo nafuu kuliko zote. Wenzangu wananitisha kwamba mapafu ya watu wa pwani hayauwezi mlima. Je, tukienda kufanya mazoezi Newala yatatusaidia kuzoea? Na vile vidonge vya Diamox, vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ni lazima?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mapafu yako hayana kasoro. Ninachokitilia shaka ni hizo siku tano.

Kileleni, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, sawasawa na Shangani. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kule juu ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unajibu kwa kuhema haraka. Ukihema haraka unatoa hewa ya ukaa nyingi, damu inapungua asidi, na ubongo ukiona hivyo unapunguza kasi ya kuhema, hasa usingizini. Ndiyo maana watu hushtuka usiku wakitafuta pumzi. Figo ndizo zinazorekebisha jambo hili kwa kutoa bikaboneti, kemikali inayozima asidi, kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kukimbia ufukweni hakuziharakishi figo. Nimeona vijana wenye misuli wakirudishwa chini huku mama wa makamo anayetembea taratibu akipita, kwa sababu kijana alipanda kwa kasi ya miguu yake.

Sasa tazama ratiba mliyopewa. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, takriban 4,700, na usiku huohuo karibu saa sita mnaamshwa kuelekea kileleni. Kanuni tunayoifuata kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze siku ya kutopanda. Hapo mnaruka mita 1,000, kisha 1,000 tena.

Ombeni siku sita, mlale Horombo usiku mbili. Siku ya katikati msikae kwenye mabanda mkipiga soga. Tembeeni hadi mita 4,000 na kitu, kisha rudini kulala palepale. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakoufundisha mwili. Pesa ikiruhusu, njia ya Machame ya siku saba ni bora zaidi, maana njia yenyewe inawapandisha hadi mwamba wa Lava Tower, kama mita 4,600, na kuwashusha kulala kambi ya Barranco, karibu 3,900. Huko mtalala kwenye mahema badala ya mabanda. Watanzania tunalipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, tena chini sana ya wageni, hivyo siku ya ziada haiumizi kama mnavyodhani. Kama fungu halitoshi, punguzeni kwingine: majaketi ya mitumba yanafaa, na magunia ya kulalia hukodishwa Moshi. Viatu tu ndivyo msikodi. Nunua vyako mapema, uvivae mpaka vikuzoee.

Newala nendeni, lakini mjue mnakwenda kutafuta nini. Uwanda wa Makonde haufiki mita 1,000, na mwili hauanzi kubadilika kwa maana yoyote mpaka kwenye mita 2,500 hivi. Hata kuwahi Moshi siku mbili kabla hakuongezi kitu upande huo. Faida ya Newala ni mteremko wake. Shukeni pale Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda, na kupanda tena mkiwa na mzigo mgongoni, mara kwa mara, kwa miezi miwili au zaidi. Bibi zetu walikuwa wakiupanda ukingo ule na maji kichwani, na hakuna aliyeyaita mazoezi. Wekeni mkazo kwenye kushuka. Siku ya kilele mtapanda zaidi ya mita 1,100 kutoka Kibo, kisha mtashuka zaidi ya mita 2,100 kutoka Uhuru hadi Horombo siku hiyohiyo, na mapaja yatakayowaangusha ni yale ya kushukia.

Tarehe 9 Desemba naielewa. Ni kumbukumbu ya uhuru wa 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge kule juu. Ila vuli huwa haijaisha vizuri, jiandaeni kwa matope na theluji. Likizo ya Juni ni kavu zaidi, ingawa baridi yake ni kali.

Kuna mawili ya kwetu huku ambayo washauri wa mlima mara nyingi hawayataji. La kwanza ni malaria. Mtwara na Lindi bado inatusumbua, na vimelea huweza kukaa mwilini wiki moja, mbili au zaidi kabla ya kuugua. Unaweza kupimwa leo ukaonekana huna, homa ikakupandia Horombo. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko na ni dalili za malaria pia. Ukiwa na homa, usiseme ni mwinuko mpaka upimwe. Bebeni vipimo vya haraka na dawa mseto, na wiki za mwisho kabla ya safari msilale nje ya chandarua.

La pili ni selimundu. Mgonjwa wa selimundu asipande kabisa. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huweza kuishi maisha yake yote bila kujua, lakini kwenye mwinuko bandama lake linaweza kukosa damu. Maumivu makali ya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, ni amri ya kushuka. Wote sita pimeni, pamoja na wingi wa damu, miezi miwili kabla.

Kichwa kikiuma kidogo, meza paracetamol, kunywa maji, na usipande zaidi mpaka kitulie. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akashindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino kwa kidole, ubongo umevimba. Akihema kwa shida hata akiwa amekaa, au akikohoa povu, mapafu yamejaa maji. Kwa yote mawili anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na kilele kinaonekana. Usifiche dalili kwa sababu ya picha ya bendera. Dawa za usingizi hapana, na uraka, pombe ya mabibo, ubaki nyumbani. Korosho chukueni nyingi: hamu ya kula hupotea kule juu, na kiganja kimoja cha korosho kina nguvu kuliko sahani ya wali utakayoiacha.

Diamox si lazima kwa ratiba ya taratibu. Kwa siku tano ningewaandikia, na kwa sita ningeizungumza na kila mmoja peke yake. Inazisukuma figo zianze mapema ile kazi ya bikaboneti. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana, vidole vitakufa ganzi, na soda itakuwa na ladha mbaya. Aliyewahi kudhurika na Septrin au SP aniambie kwanza, kwa kuwa Diamox, kama hizo, ina asili ya salfa. Na jaribuni vidonge kwa siku mbili mkiwa bado hapa Mtwara, ambako mtu akiota vipele hospitali iko karibu.