Betri ya Kiwandani Ilinizungusha Mwaka Mzima: Usibadilishe Stata Kabla Hujapima

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, pikapu yangu ina miaka miwili tu, betri ni ile ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, lakini asubuhi injini inajikokota kuwaka. Fundi anasema nibadilishe stata. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Ningeweza kuuandika mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita, hadi hapo kwenye stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Jambo hili bado linaniuma.

Asubuhi ninayoikumbuka mimi, nilikuwa nampeleka baba mkwe hospitali. Alikuwa na miadi ya macho saa mbili, miadi aliyoisubiri kwa miezi. Tangu saa kumi na mbili alishakaa kiti cha mbele, koti limefungwa vifungo vyote, karatasi zake zimo kwenye bahasha ya kaki juu ya mapaja. Nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka, zikafifia, na chini ya boneti ikatoka ile sauti: tak-tak-tak-tak.

"Jaribu tena, mwanangu," akasema.

Nikajaribu mara sita. Ya saba hata hiyo tak-tak haikutoka. Hadi jirani alipopatikana na nyaya zake za kubusti, gari likawaka, ilikuwa saa mbili imeshapita. Baba mkwe alifungua mlango taratibu, akatanguliza fimbo chini, akaniambia, "Basi, tutakwenda siku nyingine." Hakunilaumu hata kwa neno moja. Siku nyingine hiyo ilikuja baada ya miezi minne.

Sasa sikiliza kosa langu lilikuwa wapi. Nilikuwa naona dalili kwa karibu mwaka mzima. Asubuhi injini ilizunguka kwa uzito, kama mtu anayeamshwa kabla ya usingizi kuisha. Saa ya dashibodi ilijirudisha mwanzo mara mbili. Taa za mbele zilipungua mwanga gari likiwa limesimama, nikikanyaga mafuta zinang'aa. Kila mara nilijiambia: gari ni jipya, betri ni ya kiwandani, haiwezi kuwa betri. Neno "ya kiwandani" lilinifumba macho. Nililichukua kama cheti cha ubora, kumbe maana yake ni kwamba betri ile ilitoka na gari, basi.

Fikiria betri ya kiwandani inachaguliwaje. Mtengenezaji anaipima kwa gari tupu, lenye taa zake na redio yake, na anajali uzito na gharama. Kisha gari linasafiri melini, linakaa kwenye yadi wiki au miezi, likiwashwa dakika mbili kuhamishwa na kuzimwa tena. Betri ya asidi na risasi ikikaa bila chaji ya kutosha, salfeti ya risasi inaganda juu ya bamba zake, na ikishakuwa ngumu hairudi yote hata ukichaji namna gani. Nilipokuja kusoma muhuri wa tarehe kwenye betri yangu, nilikuta ilitengenezwa miezi kumi na mmoja kabla sijakabidhiwa gari. Niliipokea tayari imechoka.

Halafu na mimi nikaongeza mzigo wangu: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, taa mbili za kazi nyuma, na friji ndogo ya safari. Wenye pikapu tunajuana, hakuna anayeiacha kama ilivyotoka. Piga hesabu pamoja nami. Gari likiwa limezimwa, vifaa vyake vinavyobaki macho hula umeme kidogo, na hadi miliampea 50 huhesabiwa kuwa kawaida. Hizo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na ampea-saa ndicho kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Betri mpya ya ampea-saa 60 ikiachwa siku 25 bila gari kuwashwa imeshapoteza nusu ya chaji yake. Yangu haikuwa mpya, na vifaa vyangu vilivuta zaidi ya hapo.

Baada ya aibu ile nilikwenda kwa fundi. Alisikiliza ile tak-tak, akatikisa kichwa: "Stata hiyo, bosi." Nikalipa stata. Gari likawaka vizuri kwa wiki mbili, nikamsifu kwa kila mtu. Wiki ya tatu tak-tak ikarudi. Baadaye nilielewa kilichotokea: gari lilipolala gereji, betri ilichajiwa usiku kucha. Kilichoniwashia gari zile wiki mbili ni chaji ile. Stata yangu ya zamani niliipeleka kwa fundi umeme mwingine, akaifunga mezani na kuijaribu mbele yangu. Ilikuwa nzima kabisa. Sikumbuki fedha ile bila hasira, na hasira yenyewe naielekeza zaidi kwangu, kwa sababu kipimo nilichokihitaji ni cha dakika tano.

Kipimo ndicho hiki. Tafuta mita ya umeme ya kawaida, hata ile ndogo kabisa. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima, kabla ya kuwasha chochote, gusisha waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya na mweusi kwenye hasi. Betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12.0 umebaki na robo tu. Yangu ilisoma 12.1.

Kisha mwambie mtu apige stata huku macho yako yakiwa kwenye mita. Hapa ndipo betri inaposema kweli, maana hata betri mbovu inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 9.6 wakati injini inazunguka, na ulikuwa umeichaji ikajaa, ianze kukutia shaka kubwa. Yangu ilidondoka hadi 8.4. Mwisho, injini ikiwa inanguruma, pima tena: kwa magari mengi alteneta nzima, yaani kile kifaa kinachoichaji betri injini ikizunguka, hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Yangu ilitoa 14.2. Kwa hiyo alteneta ilikuwa salama, stata ilikuwa salama, na mwaka mzima mgonjwa alikuwa yule niliyekataa kumtazama.

Nilifanya jambo moja zaidi kabla ya kuihukumu, nawe ulifanye. Nilikagua nyaya. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe wenye ukijani, na bolti inayofunga waya wa hasi kwenye bodi ilikuwa na kutu. Uchafu huo peke yake unaweza kuiga betri mbovu. Nilisugua vyote, nikaichaji betri hadi ikajaa, nikaiacha ipumzike. Ilipofika jioni ilikuwa imerudi 12.3 bila gari kuguswa, na waya wa hasi nilikuwa nimeufungua. Hapo sikuwa na swali tena.

Kuchagua mpya kulinifundisha kwa njia ngumu. Nilikwenda nikiwa na wazo moja tu, kubwa zaidi ndiyo bora. Nikarudi na betri nzito, nikailinganisha na ya zamani, nikakuta chanya iko upande wa pili na waya haufiki kwa upana wa vidole vinne. Mtu aliyekuwa karibu akasema tuunge waya. Nilikataa, na ninafurahi nilikataa. Waya ule hubeba mamia ya ampea wakati wa kuwasha, kiungo dhaifu hapo ni moto unaosubiri siku yake. Nilirudisha betri, nikabadilishiwa.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, piga picha ya betri yako kwa juu na ya kibandiko chake. Kama ina namba za mtindo wa Japani, mfano 55D23L au 80D26R, basi 23 au 26 ni urefu wake kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha mpangilio wa vichwa. Herufi hiyo ikikosewa utarudi dukani kama mimi. Pima pia kimo, vichwa visije vikagusa boneti. Halafu tazama CCA, kipimo cha nguvu ya kuwasha kwenye baridi: ni ampea ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Hata kama huishi kwenye baridi ya namna hiyo, namba hii inakusaidia kulinganisha betri mbili. Usikubali iliyo chini ya ile ya kiwandani, na kama injini yako ni ya dizeli tafuta iliyo juu, kwa kuwa mgandamizo wa dizeli ni mkubwa na stata inafanya kazi ngumu. Kama gari lako hujizima lenyewe kwenye foleni na kujiwasha, linahitaji betri za aina ya EFB au AGM, zilizotengenezwa kuhimili kuwasha mara nyingi, usilirudishe kwenye ya kawaida. Na soma tarehe ya kutengenezwa. Nilikataa mbili zilizokaa muda mrefu rafuni, muuzaji akanuna, nikamwacha anune.

Utasikia pia kwamba betri kubwa itaunguza alteneta. Nimeambiwa na watu watatu. Si kweli. Stata na taa huvuta kiasi zinachohitaji, hazilazimishwi na ukubwa wa betri. Kinachoichosha alteneta ni kuipa kazi ya kufufua betri iliyokufa kabisa kila siku, kazi ambayo ni ya chaja.

Siku ya kubadilisha niliifanya mwenyewe, na nasema hili kwa fahari kwa sababu sikuwahi kabla ya hapo kubadilisha kitu chochote chini ya boneti. Nilizima kila kitu, nikauweka ufunguo mbali, nikasubiri dakika chache kompyuta za gari zilale. Nikavaa glavu na miwani, maana ndani mna asidi ya salfa, na betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto kwa cheche moja. Kwa spana namba 10 nikafungua hasi kwanza. Hasi kwanza, tafadhali. Bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya spana ikagusa chuma chochote umetengeneza shoti mkononi mwako. Hasi ikishatoka, spana inaweza kugusa popote kusitokee kitu. Kisha chanya, kisha kile kibano cha chini, kisha nikainyanyua kwa mikono miwili, karibu kilo 20, mgongo umenyooka.

Chini yake trei ilikuwa imeanza kuliwa. Niliiosha kwa maji yaliyochanganywa na bikaboneti ya soda, ile ya jikoni, ikatoa povu hadi asidi ikaisha nguvu, nikasuuza, nikakausha. Betri mpya ikaingia, nikakaza kibano mpaka haitikisiki kwa mkono, kwa kuwa kwenye barabara mbovu mtikisiko hupukutisha bamba za ndani na pikapu ndiyo hupita huko. Chanya kwanza, hasi mwisho. Ukiona klempu ya waya inalegea upande mmoja na kukataa kuingia upande mwingine, simama: kichwa cha chanya hutengenezwa kinene kuliko cha hasi, unakaribia kuzigeuza.

Iliwaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Nilikaa pale nimeshika usukani, nikamkumbuka mzee na bahasha yake.

Saa ilihitaji kurekebishwa, madirisha yakasahau kupanda kwa mguso mmoja, na injini ilinguruma kwa kuyumba kidogo siku ile hadi jioni. Hayo ni ya kawaida. Baadhi ya magari yenye kihisi kwenye kichwa cha hasi hutaka yaambiwe kwa kompyuta kwamba betri ni mpya, soma kitabu cha gari lako. Ile ya zamani niliipeleka kwa wanaokusanya betri kuukuu. Risasi na asidi si vitu vya kutupa shimoni karibu na watoto na maji, na ukiona mtu anafanya hivyo mzuie.

Ndugu zangu, pimeni. Gari kuwa jipya si kipimo. Neno la fundi si kipimo, hata awe rafiki yako. Kuna watu wanakutegemea wakiwa wamekaa kiti cha mbele tangu alfajiri, nawe umeridhika na "jana liliwaka." Pima kabla ya safari, pima kabla ya kununua chochote, pima tena baada ya kununua.

Na wewe uliyeniandikia: usimlipe mtu stata wiki hii. Kesho asubuhi, kabla hata taa ya ndani haijawaka muda, nipatie namba tatu: volti gari likiwa limelala, volti stata ikizunguka, na volti injini ikiwa inanguruma. Nipigie na picha ya muhuri wa tarehe. Nitakujibu siku hiyo hiyo.