Kabla hujapima mchanga, pima silinda tupu

Siku ya kwanza nilipopima mchanga kwa altrasaundi nilipata kasi ya mita 5,700 kwa sekunde, nikafurahi kweli. Mchanga mkavu ulikuwa ndani ya silinda ya chuma, probu moja ya kutuma wimbi chini, nyingine ya kulipokea juu, milimita 40 katikati. Ucheleweshaji wa probu zenyewe nilishautoa (unazigusanisha uso kwa uso, unasoma muda, unauondoa), zikabaki mikrosekunde 7. Fundi wa maabara akachungulia skrini, akacheka. Hakusema kitu. Akamwaga mchanga wote, akarudisha probu kwenye silinda tupu. Saba ile ile.

Wimbi lilikuwa limepita ukutani. Kwenye chuma sauti hukimbia karibu mita 5,900 kwa sekunde. Kwenye mchanga mkavu uliolegea ni mia kadhaa tu, kwa sababu inavuka chembe hadi chembe kupitia vijisehemu vidogo zinapogusana. Tulikata mpira wa tyubu ya baiskeli, tukaviringishia probu zisiguse chuma. Ndipo wimbi lenyewe likajitokeza, dogo, limechelewa hadi mikrosekunde 100, yaani mita 400 kwa sekunde. Zidisha kasi hiyo kwa yenyewe, kisha kwa kilo 1,600 za kila mita ya ujazo: megapaskali 256, ugumu wa mchanga ule unapobanwa bila nafasi ya kutanuka pembeni.

Jeli ya kupaka kwenye probu waachie wajawazito. Kwenye mchanga au unga inapenya na kugeuka uji, na hapo unapima uji. Karatasi nyembamba ya plastiki na mbano kidogo vinatosha.

Usikimbilie frikwensi kubwa pia. Kwa kasi ile, kHz 50 (mitetemo 50,000 kwa sekunde) inakupa wimbi la urefu wa milimita 8, na chembe za nusu milimita hazilisumbui. Ukipanda hadi MHz 1 (mitetemo milioni moja), wimbi linakuwa fupi kuliko chembe, linatawanyika, na skrini inabaki na kelele.

Uzito uliouweka juu uandike kila mara. Kwa hesabu za mwanafizikia Heinrich Hertz kuhusu tufe zinazogusana, kuongeza mbano mara 64 kunaongeza kasi mara 2. Mchanga halisi mara nyingi hupanda kasi zaidi ya hapo. Na mtu akiigonga meza katikati ya kazi, chembe zimeshajipanga upya. Mwaga, jaza tena.