Msiniulize jina la kijana, niulizeni bei

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Timu yako inapoteza mechi kwa sababu ulinzi unavuja. Drafti ya NFL ikifika, ungechagua vijana gani wa kuuziba?" Najua mtaletewa orodha ndefu za majina. Mimi ni shabiki wa Houston Texans na naishi hapa hapa Houston, kusini-magharibi mwa jiji, mitaa ambayo ukikaa kwa kinyozi utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Mombasa na cha Bujumbura kabla hujafikiwa na zamu yako. Kwetu majina hayajawahi kuwa tatizo. Vijana hodari wa vyuo wanajulikana na kila mtu mwenye runinga. Tunachogombana mpaka salamu zinakatika ni bei: utoe nini ili umpate huyo unayemtaka?

Kwa asiyefuatilia, NFL ni ligi ya futiboli ya Kimarekani, na kwenye drafti timu zake huchagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni: timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kuchagua, raundi ni saba, na kila nafasi inauzika. Unaweza kuuza hata nafasi ya mwaka ujao ambayo hujui itakuwa ya ngapi. Hapo ndipo roho huniuma, maana anayeuza leo huenda mwaka ujao amekwishafukuzwa kazi, na shabiki yupo pale pale.

Msimamo wangu ni kwamba ulinzi hujengwa na wengi. Kwotabeki mmoja, yule mrusha pasi anayeongoza ushambuliaji, anaweza kuigeuza timu nzima, lakini beki mmoja hodari wapinzani watamkwepa tu, mpira upelekwe upande wa pili. Kwa hiyo timu yenye ulinzi mbovu ishike nafasi zake kwa mikono miwili, hasa za raundi ya pili na ya tatu. Tazameni tulikowapata watu wetu. DeMeco Ryans, ambaye leo ni kocha wetu, alichaguliwa wa 33 mwaka 2006, akawa mchezaji bora chipukizi wa ulinzi wa mwaka huo. Jalen Pitre alikuwa wa 37 mwaka 2022. Kamari Lassiter wa 42 na Calen Bullock wa 78, wote 2024. Hakuna hata mmoja wa raundi ya kwanza.

Sasa niwaambie kuhusu usiku wa Alhamisi, tarehe 27 Aprili 2023.

Tulikuwa tumetoka kwenye msimu wa ushindi mara 3, kufungwa mara 13 na sare 1. Tena hata kushindwa kwenyewe hatukukumaliza vizuri. Mechi ya mwisho, ugenini kwa Colts, tulikuwa nyuma, imebaki chini ya dakika moja, tunahitaji yadi 20 katika jaribio la nne na la mwisho. Kwotabeki wetu Davis Mills akarusha, Jordan Akins akadaka, tachidauni, yaani pointi sita. Tukajaribu pointi mbili za ziada, zikaingia, tukashinda 32 kwa 31. Ushindi huo ulitunyang'anya nafasi ya kwanza kwenye drafti, ikaenda Chicago. Kocha Lovie Smith alifukuzwa mara tu baada ya mechi hiyo. Kuna watu hapa mtaani hawajawahi kumsamehe Akins kwa kudaka ule mpira.

Basi Aprili tukakusanyika kwa rafiki yetu mmoja, sinia ya pilau katikati, runinga imewekwa juu ya kabati la viatu ili wa nyuma waone. Carolina, waliokuwa wameinunua nafasi ya kwanza kutoka Chicago, wakamchukua Bryce Young. Sisi nafasi ya pili tukamchukua C.J. Stroud, kwotabeki. Shangwe. Watu wakaanza kunawa mikono, wakijua zamu yetu nyingine ni ya 12 na kuna muda mrefu. Mara likatangazwa jina la Houston tena, nafasi ya tatu. Mwenye nyumba akadhani wanarudia picha za nyuma. Kumbe meneja mkuu wetu, Nick Caserio, alikuwa amenunua nafasi ya Arizona, na kijana aliyeitwa alikuwa Will Anderson Jr. wa Alabama, yule wa pembeni mwa safu ya mbele anayemvamia kwotabeki kabla hajarusha. Mwaka 2021 pale chuoni alikuwa ameangusha makwotabeki mara 17 na nusu. Hiyo nusu ni kwa sababu wawili wakimwangusha pamoja wanagawana.

Dakika chache za kwanza tulikumbatiana. Kisha bei ikaanza kuandikwa chini ya kioo: nafasi ya 12, nafasi ya 33, ya raundi ya kwanza ya 2024, na ya raundi ya tatu ya 2024. Sisi tukapewa hiyo ya 3 na ya 105. Kijana mmoja anayesomea uhasibu akachukua kalamu na kuanza kupiga hesabu nyuma ya boksi la pizza, mishale huku na huku, na kila mshale sauti ikipanda. "Timu ilishinda mechi tatu! Nafasi ya mwaka ujao itakuwa ya juu kabisa, na tumeitoa sadaka!" Nilikuwa upande wake, na nilipiga kelele kama yeye. Mtu mmoja akasema Caserio anatuandalia msiba wa miaka mitano.

Mzee wa Lubumbashi aliyekuwa kwenye kochi, shabiki wa TP Mazembe tangu ujana wake, alimwacha mwanafunzi amalize. Halafu akamuuliza, "Mwanangu, mwaka ujao timu itakuwa ya ngapi?"

"Mzee, nani anajua?"

"Sasa hapo kwenye boksi umeandika bei gani?"

Mwanafunzi hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Mabishano yaliendelea mpaka pilau ikapoa, lakini swali lile lilibaki. Nafasi ya mwaka ujao haina bei usiku inapouzwa. Bei yake inapangwa uwanjani, Septemba hadi Januari, na wale wale uliowanunua wanashiriki kuipanga.

Na ndivyo ilivyokuwa. Msimu wa 2023 tulishinda mechi 10. Stroud akawa chipukizi bora wa ushambuliaji na Anderson chipukizi bora wa ulinzi. Ile nafasi tuliyoililia, ambayo boksi la pizza liliipa namba ndogo kabisa, Arizona waliipokea ikiwa ya 27. Januari 2024 tuliwapiga Cleveland 45 kwa 14 kwenye mechi za mtoano.

Kuna jambo jingine ambalo usiku ule hakuna aliyelitaja. Nafasi ya 33 ndiyo ile ile iliyomleta Ryans Houston mwaka 2006. Kocha ambaye maisha yake yote ya NFL yalianzia kwenye nafasi hiyo alikubali itolewe, ili ampate kijana wa Alabama, chuo alikosoma yeye mwenyewe. Sidhani ni mapenzi ya chuo tu. Ryans alicheza lainibeki, nyuma ya hawa watu wa mbele, anajua ladha ya kusimama pale wakati aliye mbele yako hamfikii kwotabeki.

Mashabiki wa hapa tunazomea haraka, na hilo nalo linanikera. Mwaka 2006 walitaka mshambuliaji Reggie Bush, au kwotabeki Vince Young aliyekulia Houston, wakapewa Mario Williams wa ulinzi. Mwaka uliofuata aliangusha makwotabeki mara 14. Mwaka 2011 J.J. Watt alichaguliwa wa 11 akazomewa, na baadaye alikuwa mlinzi bora wa ligi nzima mara tatu. Mwaka 2022 tulipomchukua Derek Stingley, konabeki (beki anayewakaba wadaka pasi) wa chuo cha LSU aliyetoka kuumia unyayo, na konabeki mwenzake Sauce Gardner akaenda Jets, mwaka mzima ulikuwa wa lawama, kwa sababu Gardner aling'aa mara moja. Januari 2025 Justin Herbert, kwotabeki wa Chargers, ambaye wapinzani walikuwa wamemnasa pasi 3 tu msimu mzima wa kawaida, alinaswa 4 katika mechi moja hapa Houston, mbili na Stingley. Kwenye mtaa huu sijamsikia tena mtu akimtaja Gardner.

Lakini nimeiangalia mechi ile tena na tena, na macho yangu hayaendi kwa Stingley. Yanaenda kwa Herbert, anavyorusha kabla miguu haijatulia, kwa sababu Anderson na Danielle Hunter wanamjia pande mbili. Mabeki wa raundi ya pili na ya tatu niliowasifu hapo juu wanacheza nyuma ya watu hao. Kwotabeki akipewa sekunde nne, hata wao wangezomewa.

Kwa hiyo hukumu yangu, Mhariri, haifanani na nilivyoanza. Ningelipa. Ningetoa nafasi nne kwa Anderson hata leo, na hata kama ile ya 2024 ingekuwa ya 15.

Ila kwa masharti. Awe ni wa kumvamia kwotabeki, si wa nafasi nyingine yoyote ya ulinzi. Kocha awe ni mtu wa ulinzi atakayemfundisha mwenyewe. Timu iwe tayari ina kwotabeki, kama sisi tulivyompata Stroud dakika chache kabla, la sivyo ile nafasi ya mwaka ujao kweli itakuwa ya juu na mwanafunzi wa uhasibu atakuwa na haki yake. Na baada ya kununua mara moja, klabu igeuke iuze: Machi 2024 tuliwapa Minnesota nafasi ya 23, tuliyokuwa tumeipata kutoka Cleveland, wakatupa ya 42 pamoja na nyingine ya raundi ya pili ya 2025, na hiyo ya 42 ndiyo Lassiter.

Timu isiyo na kwotabeki isiniige. Ikae na nafasi zake zote, ichukue beki raundi ya pili, na mwingine raundi ya tatu.

Msomaji wenu,
Houston, Texas