Geralt si wangu, Shepard ni wangu

SWALI: Shikamoo dada. Kwenye gemu ya Skyrim nilimtengeneza shujaa wangu mwenyewe: pua, makovu, jina. Sasa rafiki kaniazima The Witcher 3, namkuta shujaa wake, Geralt, kashapewa kila kitu, mvi, sauti, hadi wanawake aliowapenda zamani. Nitamwitaje wangu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mimi Geralt sijawahi kumwita wangu. Alikuwa na maisha yake vitabuni kwa Andrzej Sapkowski miaka mingi kabla ya gemu hiyo ya 2015. Unachopewa ni malezi. Kuna mahali Ciri, binti aliyemlea, anapandwa na hasira ndani ya maabara. Unamtuliza, au unamwacha avunje vyombo. Mwishoni hilo linahesabiwa. Hapo utamjua Geralt wako ni baba wa namna gani.

Shujaa wa Skyrim umemchonga, lakini hana sauti. Mengi yake yamo kichwani mwako tu.

Aliyenikaa moyoni ni Shepard wa mfululizo wa gemu za Mass Effect. Jina la ukoo nilimkuta nalo, na sauti ya mwigizaji Jennifer Hale pia. Uso, jina la kwanza na alikokulia nikachagua. Nilimpa nyusi za marehemu mama. Faili lake nililihamisha kutoka gemu ya 2007 hadi ya 2010, kisha ya 2012, na askari niliyemwacha afe kwenye sayari ya Virmire hakurudi kamwe. Nililia usiku ule, na hadi leo sijakubali kuanza upya ili nimwokoe.