Usinunue tiketi hiyo: mabilioni ya filamu hayamhamishi Hulk

Usilipe. Kama bado hujabonyeza kitufe cha malipo, funga ukurasa huo kwanza usome haya, kwa maana ulichoandika jana usiku ndicho hasa nilichokuwa nikijiambia mwaka 2013, na hakutokea mtu wa kunishika mkono.

Umesema hivi: Avengers: Endgame iliingiza karibu dola bilioni 2.8 duniani kote, Disney ndio wenye Marvel, kampuni ya katuni iliyowabuni mashujaa hao, kwa hiyo Walt Disney World, zile bustani zao za burudani za Florida, lazima iwe imejaa Hulk, Iron Man na Captain America kila kona, nawe unataka kununua tiketi za siku nne kwa ajili ya mwanao asiyekubali kulala bila pajama za Spider-Man.

Mimi nilikwenda na mpwa wangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka minane. Filamu ya kwanza ya Avengers ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia na kuingiza dola bilioni 1.5, na sisi wapenzi wa filamu tulikuwa tumelewa tarakimu. Kijana mmoja mwenye chaneli ya video, ambaye hadi leo nikiisikia sauti yake nazima simu, alitumia dakika 20 kutuhakikishia kwamba mapato kama yale hayawezi kupita bila Disney kuwajaza mashujaa hao katika bustani zake zote. Nikampigia wakala wa safari ili kujiridhisha. Nilimuuliza waziwazi: Hulk yupo? Akajibu bila hata kuvuta pumzi kwamba mashujaa wote wapo, kwani Disney ndio wenye mali. Nililipia tiketi za siku nne za watu wawili, hoteli iliyo ndani ya eneo la Disney, na nikajipongeza kwa kuwa mlezi wa mfano.

Asubuhi ya kwanza, mpwa wangu alitoka hotelini amevaa zile ngumi kubwa za Hulk za sponji ya kijani. Hakukubali kuzivua hata wakati wa chai, kwa hiyo nilimshikia kikombe mwenyewe kama mtoto mchanga. Tulipoingia Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo za Disney, alimwendea mfanyakazi mmoja, akainua ngumi zote mbili na kumuuliza Hulk anakaa wapi. Yule dada alichuchumaa hadi macho yao yakalingana, akamwambia kwa upole kwamba Hulk haishi katika bustani ile. Kisha akainua uso na kunitazama kwa jicho ambalo daktari humtazama mzazi aliyechelewa kumleta mgonjwa. Mpwa wangu hakulia. Afadhali angelia. Alizivua ngumi moja baada ya nyingine, akanikabidhi, nami nikazibeba kwapani siku nzima nikionekana kama mtu aliyetoka kupigana na kushindwa.

Usiku ule ndipo nilipofanya kazi ambayo ningeifanya kabla ya kulipa, nayo ni kusoma. Mwaka 1994, zamani kabla Disney haijaitolea Marvel posa, Marvel ilitia saini mkataba na MCA, kampuni iliyokuwa ikimiliki Universal, studio ya filamu yenye bustani zake yenyewe, na kuipa haki ya kuwatumia wahusika wake katika bustani za burudani. Miaka miwili baadaye Marvel iliangukia katika ufilisi, lakini mkataba ule haukufa. Mwaka 1999 Universal ilifungua bustani ya Islands of Adventure mjini Orlando, Florida, jirani na Walt Disney World, na ndani yake eneo zima liitwalo Marvel Super Hero Island, lenye treni ya Hulk inayokupindua kichwa chini miguu juu. Kwa hiyo Disney ilipoinunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4, ilinunua nyumba ikiwa na mpangaji ndani, tena mpangaji ambaye mkataba wake hauna tarehe ya mwisho maadamu anatimiza masharti.

Na masharti yenyewe yamechorwa kwa mto. Mashariki ya mto Mississippi, mhusika anayetumiwa na Universal, pamoja na jamaa zake wa kundi moja, hawezi kuwekwa katika bustani ya mtu mwingine, na Disney ni mtu mwingine hata kama mhusika ni wake. Orlando iko mashariki ya mto huo. Filamu ingeingiza dola bilioni 1 au bilioni 10, mto usingehama.

Ndiyo maana nakwambia, na nitarudia hadi unichoke: usiulize filamu imeingiza kiasi gani, uliza haki za bustani zimeshikwa na nani katika mji ule unaokwenda. Haki za kutengeneza filamu ni droo moja, haki za bustani ni droo nyingine, na funguo zake hazifanani. Mtazame Spider-Man huyo wa mwanao. Katuni zake ni za Marvel, yaani Disney; filamu zake hutolewa na Sony; na ukitaka kupanda chombo cha burudani chenye jina lake mjini Orlando unakwenda Universal. Kijana mmoja ana mabwana watatu, halafu mtu anakuja kukuonyesha mapato ya wikiendi ya kwanza kana kwamba ni ramani ya bustani!

Asubuhi ya pili nilinunua tiketi nyingine, za Universal, kwa bei ya langoni, huku tiketi zangu za Disney zikiwa zimeshaanza kutumika na hivyo haziwezi kurudishwa. Siku ya tatu mpwa wangu alidai turudi kule kule, nami sikuwa na uso wa kumkatalia. Ukipiga hesabu utaona kwamba siku mbili kati ya nne nilizolipia Disney nilizitupa, nikalipa upya siku mbili kwa jirani, na kila usiku nikarejea kulala katika hoteli niliyoichagua kwa sababu iko karibu na bustani nisiyoingia. Wakala nilipompigia alisema kwamba kitaalamu hakuwa amesema uongo, kwa kuwa Disney kweli ndio wenye Marvel. Kitaalamu! Mimi nilimuuliza Hulk yupo, yeye akanijibu Hulk ni wa nani.

Usidhani nasema Disney haina mashujaa hao popote. Avengers Campus ilifunguliwa mwaka 2021 katika bustani yao ya Anaheim, California, magharibi ya mto, na huko Spider-Man anaruka juu ya mapaa kwa raha zake. Paris nako walifungua eneo kama hilo mwaka 2022, na Hong Kong wana Iron Man tangu 2017. Hata Florida kwenyewe, mwaka 2022 walifungua treni ya Guardians of the Galaxy, kundi jingine la mashujaa wa Marvel, katika EPCOT, bustani nyingine ya Walt Disney World, kwa sababu kundi hilo Universal hawakuwa wakilitumia. Utaona kwamba katika kila mfano kilichoamua ni mkataba na mahali, wala si chati ya mapato. Kwa hiyo mwulize mwanao anamtaka nani hasa. Akisema Groot, yule mti unaotembea wa kundi la Guardians, nenda EPCOT na unisamehe kwa kelele zangu. Akisema Spider-Man au Hulk, na wewe umeng'ang'ania Orlando, tiketi yako ni ya Islands of Adventure, tena umwandae mapema kwamba atakaowaona wamevaa kama walivyochorwa katika katuni na si kama waigizaji wa filamu. Mpwa wangu alinidai maelezo ya jambo hilo njia nzima.

Na kabla ya yote mpime urefu. Treni ya Hulk inataka mtu wa sentimita 137, nami nilikuja kulijua hilo mbele ya kijiti cha kupimia, mpwa wangu akiwa amevaa ngumi zake na kusimama kwa ncha za vidole, pungufu kwa upana wa kiganja. Tulimpanda Spider-Man mara sita.